Bei ya Kikombe

Magi zilipangwa juu ya kaunta ya mapokezi kama vikombe vya ubingwa: za buluu, za kijani, za waridi, kila moja na kifuniko chake, mrija mnene na picha ya jahazi ubavuni. Shilingi 45,000 moja. Ukishanunua, kijana wa mapokezi alitueleza, unajaza juisi, soda na maji kadiri upendavyo mpaka siku ya kuondoka. Sisi tulikuwa tunalala siku mbili.

Dada yangu, binti wa mama mdogo, alikuwa amekuja likizo kutoka Maskati na wanawe watatu, na alikuwa ameapa kwamba safari hii watoto hawatamaliza mwezi mzima Kiponda, ndani ya nyumba ya mama yangu, wakitazama simu. Ndiyo maana tulikuwa kule kaskazini ya Unguja, kwenye hoteli ambayo sitaitaja, ya makuti, yenye bwawa la kuogelea hatua ishirini kutoka baharini. (Sijapata kuelewa kwa nini mtu achimbe bwawa mbele ya Bahari ya Hindi, lakini hilo lina siku yake.)

"Kaka, zinalipa hizi?" akaniuliza, macho yako kwenye magi.

Mimi ndiye mtu wa hesabu katika ukoo wetu. Nilikuwa karani wa stoo miaka 11 na tabia imenigandia. Nikaangalia orodha ya vinywaji: gilasi ya juisi 9,000. Magi tatu ni 135,000, sawa na gilasi 15, yaani gilasi tano kwa kila mtoto ndipo pesa irudi. Watoto hawa njia nzima kutoka mjini, Mahonda, Kinyasini, Mkwajuni, walikuwa wamegawana chupa moja ya maji na machungwa ya kumenywa ya njiani, na chupa ilifika ikiwa nusu. Tena ilikuwa Julai, kusi inavuma, jua la kuota si la kukimbia. Nikamwambia hazilipi hata kidogo.

Akanunua zote tatu.

Kabla ya adhuhuri mdogo wao, wa miaka minane, alikuwa amejaza magi yake mara sita. Nilimhesabia. Kiu hakuwa nayo. Alikuwa akinywa kidogo, inayobaki anaimwaga mchangani, anarudi kaunta kutafuta rangi nyingine. Wa kati alichanganya ya machungwa na soda nyeusi, akapata kitu cha rangi ya tope la mikokoni, na kwa kuwa dada yake alimwambia hawezi kukimaliza, akakimaliza. Chakula cha mchana kilikuwa pweza wa nazi, laini kuliko nilivyotegemea hotelini. Hakuna aliyemgusa ila mimi na mama yao. Watoto walikuwa wameshiba maji ya sukari.

Jioni, watoto wakicheza mpira na maji yametoka, nikamletea mama yao hesabu yangu tena. Nilidhani nitamkuta amejuta. Akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyekuja msibani kuuliza bei ya sanda.

"Kaka, we unadhani mimi nimenunua juisi? Mwaka mzima kule, kila wakitaka kitu nawaambia hapana. Hapana ya pesa, hapana ya muda, hapana ya baba yenu amechoka. Mimi nimenunua siku mbili za kutosema hapana."

Nikanyamaza. Katika daftari langu hapakuwa na safu ya kitu hicho.

Niliendelea kulifikiria jambo lile usiku, na kama tungeondoka alfajiri ningekwambia leo kwamba magi zile zililipa na mimi ndiye niliyekosea. Lakini kulikuwa na siku ya pili. Asubuhi mdogo aliamka tumbo linamuuma. Mkubwa, msichana wa miaka 12, alisema amechoka na vitu vitamu, anataka maji tu, na maji tulikuwa nayo chumbani. Magi zikakaa juu ya meza, tatu, tupu, mirija imeinama. Kufika saa sita mama yao hakuweza kuvumilia tena.

"Nendeni mkajaze basi, hata moja moja."

"Hatutaki, mama."

"Kunyweni! Nishalipa!"

Akajisikia mwenyewe. Akanitazama, akaanza kucheka mpaka mtandio ukamtoka. Alikuwa amenunua siku mbili za kutosema hapana, na kufika saa sita ya siku ya pili ameshageuka kuwa mama anayewalazimisha watoto kunywa soda.

Hapo ndipo nilipouelewa ujanja wa magi, kama ni ujanja. Gilasi ya kulipia kila mara inakuuliza: una kiu? Ukijibu hapana, unabaki na pesa yako. Magi inakuuliza hivyo mara moja tu, siku ya kwanza, pale mapokezi, tena ukiwa na joto la safari. Ukishailipia, swali linageuka: mbona hunywi? Elfu arobaini na tano imeshatoka, hairudi unywe usinywe, lakini moyo haukubali. Unataka uifukuzie kwa tumbo.

Na mwenye hoteli hana wasiwasi, maana anajua tumbo lina mpaka. Soda ya mashine kwa kawaida ni sehemu moja ya sharubati kwa sehemu tano za maji yaliyotiwa gesi, halafu barafu inakula nafasi iliyobaki. Kinachouzwa ghali pale ni plastiki yenye picha ya jahazi. Hata hivyo alijiwekea kinga: kaunta ya kujazia ilikuwa moja tu, ya bwawani, ikifungwa saa kumi na mbili jioni, na wakati wa chakula cha usiku magi haikutambulika. Hayo hatukuambiwa mapokezi.

Dada yangu alikuwa na historia na vikombe hivi. Miaka miwili nyuma waliwapeleka watoto Florida, kwenye hoteli za Disney, ambako magi ya kujazia ni jambo la zamani na watu wanaizungumzia kama sisi tunavyozungumzia bei ya nazi. Zile za kule zina kidude cha elektroniki kwenye kitako kinachozungumza na mashine. Siku zako za kulala zikiisha, unaweka magi yako pale chini na mashine haitoi hata tone. Magi ni yako, nenda nayo kwenu. Alimletea mama yangu moja kama zawadi, imefungwa ndani ya kanga.

Tuliporudi mjini nilikwenda Jaws Corner baada ya isha, kama kawaida yangu. Pembe ile imechukua jina la filamu ya papa ya mwaka 1975, na papa mwenyewe amechorwa ukutani, lakini watu hawaendi kwa ajili yake. Wanakwenda kwa dele la kahawa lililokaa juu ya makaa, kwa kashata, na kwa kubishana. Muuzaji anakumiminia kwenye kikombe cha kaure kisicho na mkono, kidogo kiasi cha kufunikwa na kiganja. Unakunywa, unarudisha, anakisuuza kwenye ndoo, anammiminia mwingine. (Ndoo ile simtetei mtu. Mwaka 2020 wengi tuliiangalia kwa jicho jingine, na baadhi yetu hatujaacha.)

Ninachotaka kusema ni hiki: hahesabu. Unaweza kukaa pale saa mbili, ukanywa viwili, ukamnunulia jirani yako kimoja, ukagomba juu ya mpira, ukasahau, ukanywa kingine. Ukiinuka unamwambia mwenyewe, "vinne," unampa sarafu zake, basi. Kikombe hakuna aliyekinunua. Na sijapata kumwona mtu pale anakunywa kahawa asiyoitaka ili kuirudisha pesa yake, kwa sababu hakuna pesa iliyotangulia.

Niliwasimulia wenzangu habari ya magi. Mzee mmoja akauliza mara mbili ili ahakikishe amesikia sawasawa. "Wamewauzia kikombe, maji wakawapa bure?" Akatikisa kichwa. "Sisi hapa ilikuwa kinyume."

Kweli ilikuwa kinyume. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua watu kwa maelfu katika mji huu, mji uliokuwa ukinywa maji ya visima vilivyopakana na uchafu wake. Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, na ambaye kabla ya hapo alikuwa ameonja uhamisho Bombay na kuona miji inavyoweza kuendeshwa, akayavuta maji kwa mabomba kutoka chemchemi za kaskazini mpaka mitaani. Maji yalikuwa ya watu wote, chombo ulikuja nacho mwenyewe. Na nyumba nyingine zikaweka mtungi barazani, kata ya kifuu juu yake, maji ya sabili kwa mpita njia yeyote. Marehemu bibi yangu hakutia maji mtungini kabla ya kuufukiza kwa ubani, na aliyekunywa pale, hata kama ni mchukuzi asiyemjua, alikunywa maji yenye harufu ileile aliyokunywa yeye. Sisemi turudi kule. Kata moja kwa mtaa mzima ina hadithi yake ya maradhi pia.

Pale Jaws Corner jamaa mmoja, dereva wa watalii, alinibana: basi wewe ukiulizwa, magi inunuliwe au isinunuliwe? Nikamwambia ya juisi, siku mbili, na watoto: hapana, labda mama yao awe amechoka kama dada yangu, na hata yeye anunue moja. Ya maji, kwa wiki nzima: ndiyo, kama hoteli ina chujio la kuaminika. Piga hesabu. Watu watano, kila mmoja chupa mbili za lita moja na nusu kwa siku, siku saba, ni chupa tupu 70 kwa familia moja. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka 13 kabla ya Tanzania Bara kufanya hivyo tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa tunazo, zinapelekwa jaa la Kibele au zinabaki mikokoni. Bora zaidi ni kwenda na chupa yako ya nyumbani. Mimi nilikuwa nayo, ya chuma, nikaipeleka kaunta ya bwawani. Wakanambia hairuhusiwi, lazima iwe magi ya hoteli. Hapo ndipo nilipojua kwamba habari ya mazingira iliyobandikwa juu ya kaunta ilikuwa ya kupamba ukuta.

Siku moja kabla ya safari yao ya kurudi Maskati, mama alipika pilau. Niliingia jikoni nikamkuta yule mdogo wa miaka minane amesimama mbele ya gunia la mchele, amepigwa na butwaa.

"Bibi! Hiyo magi ya Disney!"

Ndiyo hiyo. Kifuniko kilipotea mwezi wa kwanza, mrija walichukua watoto wa jirani, na mama aligundua kwamba ikijaa mchele inatosha watu watatu, au wawili na mwanangu mimi. Tangu hapo ndiyo kibaba cha nyumba.

"Tuko wangapi?" akauliza bila kugeuka.

"Wanane, bibi."

Akachota tatu, kila moja akiisawazisha kwa kiganja. Kisha akamtazama mjukuu wake, na soda aliyoishika mkononi, akachota nusu magi kutoka kwenye sinia akairudisha guniani.