Ndama Ni wa Nani?

Zamani kwetu Kenyamonta, mkoani Mara, swali la mtoto lilikuwa na mahali pa kwenda. Halikwenda kwa baba. Baba aliogopwa, na mtoto aliyemwuliza "kwa nini" alionekana anambishia. Lilikwenda kwa babu na bibi. Kwetu Wangoreme, kama kwa jirani zetu Wakurya wa Tarime, babu na mjukuu ni watani: mzee ambaye asingevumilia neno la ubishi kutoka kwa mwanawe alicheka mjukuu alipomwambia kwamba amekosea. Basi jioni, ng'ombe wakishafungiwa zizini, sisi watoto tulikaa motoni kwa bibi na kuuliza tulichotaka.

Bibi hakuwa na haraka ya kujibu, na hadithi zake nyingi alizikata kabla hazijafika mwisho. Kuna moja hainitoki. Mtu alimwachia rafiki yake ng'ombe amtunzie, kama wafugaji wa kwetu walivyozoea, ili ugonjwa au wezi wasije wakamaliza zizi zima kwa usiku mmoja. Wezi wakaja. Rafiki akajificha, ng'ombe akachukuliwa. Kijana wa boma jingine akawafuata peke yake, akapigwa mshale wa mguu, lakini akamrudisha ng'ombe, na njiani ng'ombe akazaa. Ndama ni wa nani?

Wa mwenye ng'ombe, tulisema. Bibi akauliza: bila yule kijana, ndama huyo angekuwapo hapa? Basi ni wa kijana. Na mtu akimwokoa mtoto wako mtoni, mtoto anakuwa wake? Hapo tuligawanyika. Dada yangu alishikilia kwamba ndama si mtoto, binamu akamtaka aseme tofauti ni ipi, maana wote wawili wamezaliwa. Na yule rafiki aliyejificha, je, hana haki yoyote kwa miezi yote aliyomlisha ng'ombe? Kesho yake tuliendelea nalo malishoni. Bibi hakutupa jibu, wala hakuwahi kutuambia kwamba swali limekwisha.

Mengine tuliyaleta wenyewe. Kwetu kila mtu huzaliwa ndani ya rikora, yaani kundi la kizazi, linalofuata lile la baba yake, na majina ni manne katika kila mzunguko. Yakiisha yanaanza upya, hata kilembwe akalibeba jina la yule wa kwanza. Kaka yangu akauliza: kama jina linarudi, wakati nao unarudi? "Masika yakirudi," babu akamwuliza, "ni yaleyale ya mwaka jana?" Kaka akafikiri, kisha akasema mvua huenda ni ileile, lakini mtama si uleule, kwa sababu ule wa mwaka jana tumeshaula. Kulikuwa pia na mwenzetu aliyezaliwa katika nyumba ntobhu, ndoa ya kwetu Mara ambayo mama asiye na mtoto wa kiume humtolea mahari mwanamke mwenzake, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Alitaka kujua baba ni nani: aliyetoa ng'ombe, aliyemzaa, au anayemnunulia daftari? Bibi alimwambia aanze kwa kutueleza yeye mwenyewe humwita nani akiumia. Sijasikia mwalimu yeyote akilifungua swali hilo vizuri kuliko alivyofanya yeye.

Kisha tukaenda shule. Novemba 1974 viongozi wa chama cha TANU walikutana Musoma, makao makuu ya mkoa wetu, wakaazimia kwamba ifikapo mwisho wa 1977 kila mtoto wa Tanzania awe na nafasi katika shule ya msingi. Bila Azimio la Musoma nisingejua kusoma, na nitalishukuru hadi naingia kaburini. Ila darasani watoto tulikuwa wengi mno na walimu wachache. Walimu wengi wa UPE, yaani mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, walikuwa vijana waliotoka darasa la saba wakajifunza kazi huku wakiifanya. Mwalimu mmoja mbele ya umati wa watoto, fimbo mezani, angeweza kumsikiliza nani? Maswali yakawa yake, na majibu yake alikuwa nayo kabla hajauliza. Nasi tuliotoka nyumbani na Kingoreme, tukikijua Kiswahili kwa kubahatisha, tulijifunza upesi kwamba kunyamaza kuna usalama.

Mwaka huohuo wa 1974 mambo mawili yalitokea mbali na kwetu, nami niliyajua baadaye sana, nilipokuwa mwalimu mwenyewe. Matthew Lipman, aliyekuwa akifundisha mantiki Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, aliona wanafunzi wake wamefika chuoni wakiwa wamechelewa kujifunza kufikiri. Akaandika hadithi ya mvulana Harry na wenzake wanaogundua kanuni za hoja kwa kubishana, na mwaka huo akashiriki kuanzisha taasisi ya falsafa kwa watoto huko Montclair, New Jersey. Watoto huketi duara, husoma kipande cha hadithi, hutoa maswali yao, huchagua moja. Mwalimu hatoi jibu. Huuliza unajuaje, una mfano gani, nani ana maoni tofauti. Niliposoma hayo nilishtuka: wamelazimika kujenga taasisi kwa ajili ya kitu ambacho bibi yangu alikifanya huku akikoroga uji.

Nairobi nako, Henry Odera Oruka alikuwa akianza kuwahoji wazee, wengi wao wasiojua kusoma, kazi iliyozaa kitabu chake cha 1990 juu ya falsafa ya wahenga. Alimtofautisha mzee anayekariri mila na mzee anayeipima mila kwa hoja zake mwenyewe. Miongoni mwa wahenga wake yumo baba yake mzazi, Oruka Rang'inya.

Siupambi moto wetu. Nao ulikuwa na maswali usiyoyaruhusu. Msichana aliyeuliza kwa nini akeketwe aliambiwa anyamaze, na bibi yuleyule mwenye subira yote ile hakutaka neno hilo liguswe. Sheria ya 1998 imekataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na tangu 2014 mjini Mugumu kuna nyumba salama inayowapokea wanaokimbia kila msimu wa ukeketaji wa Desemba unapokaribia. Wanaondoka nyumbani na "kwa nini" ambayo hapakuwa na mtu mzima wa kuisikiliza. Mtoto aliyezoeshwa kudai sababu ataidai na hapo, na nadhani baadhi yetu wazee tunalijua hilo, ndiyo maana tunapenda watoto wanyamavu.

Sasa hata jioni yenyewe imetutoka. Wajukuu wengi wanakua Musoma au Mwanza, na waliobaki wana simu. Shuleni wanafunzwa kuweka kivuli kwenye herufi ya jibu sahihi, kana kwamba kila swali huja na majibu yake yamepangwa chini. Julius Nyerere wa Butiama, aliyechunga mbuzi hadi alipopelekwa shule ya Mwisenge mwaka 1934, aliandika katika Elimu ya Kujitegemea, 1967, kwamba la kwanza elimu itakalompa mtoto liwe akili ya kudadisi. Tunalitaja jina lake kila siku na tumeliacha agizo hilo.

Siombi somo jipya wala kitabu. Naomba nusu saa kwa juma, watoto wa darasa la pili wakae duara chini ya mti, waruhusiwe Kingoreme pale Kiswahili kinapowaishia, na mwalimu ajizuie kutoa jibu. Maswali hayatakosekana. Mjukuu wangu anauliza kwa nini mbuzi wetu akila mahindi ya jirani tunalipa, lakini tembo wa hifadhi akimaliza shamba, mkulima anaomba kifuta jasho na kusubiri. Nilimweleza kwamba kisheria wanyamapori ni mali ya umma. Akasema, basi na sisi ni wenye tembo, tunajidai wenyewe? Nikamwuliza kama mvua ya mawe ikivunja mahindi tumdai nani. Akasema mvua haina mwenyewe. Dada yake akasema anaye, ni Mungu, ila hakuna anayethubutu kumpelekea kesi. Na kaka yake akataka kujua kama kutothubutu ni sawa na kutokuwa na haki.