Mchoro Nilioupasua, na Tulichokiona Makerere

Mwezi huu nimeombwa niandike juu ya safari yetu ya Kampala, mimi na walimu wenzangu watano. Nitaandika. Lakini siwezi kuieleza safari hiyo bila kuanza na kosa langu, kwa sababu ni safari hiyo iliyonifungua macho.

Darasa langu la P5 lina watoto zaidi ya mia moja. Wengine wanakaa kwenye madawati, wengine chini. Kaye moja ya hesabu inabidi ifike mwisho wa muhula, na mzazi akisikia imeisha mapema, nyumbani kuna maneno. Basi siku moja nilikuwa napita katikati yao nikisahihisha, nikamkuta mtoto mmoja wa kiume amejaza kurasa mbili bila hesabu hata moja. Alikuwa amechora mtumbwi. Mbele ya mtumbwi kuna taa, na mtu mmoja amesimama ameshika wavu.

Nikamuuliza, "Hii ni kaye ya nini?"

"Ya hesabu, mwalimu."

"Na hii ni hesabu?"

Akanyamaza. Nikazipasua zile kurasa mbele ya darasa zima, nikazitupa chini. Wenzake wakacheka. Mimi nikarudi ubaoni, nikaendelea na somo.

Kesho yake asubuhi mama yake alinikuta nje ya darasa. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mwalimu, sikuja kugombana. Unafundisha watoto wetu bure karibu, tunakushukuru. Nilitaka tu ujue. Ule mtumbwi ni wa baba yake. Alikuwa anavua ndagala usiku kule Baraka. Hatuna picha yake hata moja, zote ziliungua na nyumba. Mtoto anamuchora ili asimusahau."

Nilikosa la kusema. Nilisema tu, "Pole, mama," naye akaenda zake shambani. Mimi pia nimetoka Kongo, ng'ambo ileile ya ziwa Tanganyika. Zile taa za wavuvi usiku nimeziona tangu utoto. Kumbe nilikuwa nimezisahau kiasi kwamba sikuzitambua kwenye karatasi.

Wiki mbili baadaye tukaitwa Kampala kwenye mafunzo ya walimu wa kujitolea. Tulitoka kambini kabla ya jua, tukapita Kabingo, na Masha tukasimama kidogo kununua gonja ya kuchoma. Kutoka Mbarara tukapanda basi. Ni kama kilomita 270 hadi Kampala, na mwili unazihesabu zote. Mafunzo yalikuwa ya siku tano. Ijumaa yaliisha mapema, saa saba mchana, na sisi tukawa na nusu siku ya bure katika mji mkubwa na pesa kidogo sana mfukoni.

Mwalimu mwenzetu mmoja wa Burundi, ambaye ni dada mkubwa kwetu sote, akasema twende tukaone chuo kikuu cha Makerere. Mwingine akakataa: "Tukafanye nini huko? Sisi tumeishia sekondari. Watatuuliza tumefuata nini." Dada akamjibu, "Tutasema tumefuata kuangalia. Macho hayalipishwi." Tukacheka, tukaenda.

Getini nilikuwa na wasiwasi, sitaficha. Askari alituomba vitambulisho, tukatoa zile kadi zetu za wakimbizi. Akaziangalia moja moja, akasema, "Karibuni, jiandikisheni hapa." Hapo tu nikajiona mtu.

Makerere iko juu ya kilima. Ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ikiwa na wanafunzi 14 tu. Hebu fikirieni, 14! Mimi ninao hao kwenye mstari mmoja wa darasa. Baadaye ikawa chuo ambacho watu wa Afrika Mashariki yote walikuja kusoma. Julius Nyerere, baba wa taifa la Tanzania, alisoma pale ualimu kuanzia 1943 hadi 1945, na hata alipokuwa rais watu waliendelea kumwita Mwalimu. Jengo kubwa jeupe lenye mnara, ambalo wengi mmeliona kwenye picha, liliteketea kwa moto usiku mmoja wa Septemba 2020. Likajengwa upya kwa sura ileile, likafunguliwa tena 2024. Tulisimama mbele yake. Ukiliangalia huwezi kujua kwamba liliwahi kuungua. Dada wa Burundi akasema taratibu, "Kumbe nyumba ikiungua inaweza kusimama tena." Hakuna aliyemjibu.

Kisha tukaenda kwenye jumba la sanaa la chuo, ambalo liko karibu na shule yao ya sanaa. Sisi hatukutozwa kitu mlangoni. Ndani ni kimya. Kuna picha za rangi ukutani, kuna sanamu za mbao na za udongo, na kazi nyingine zimetengenezwa juu ya kitambaa cha magome ya mti wa mutuba, kile ambacho Waganda wamekitengeneza tangu zama za wafalme wao. Mwanzoni tulitembea kama watu waliopotea. Hatukujua mtu anatakiwa kuangalia picha dakika ngapi. Mwanafunzi mmoja wa pale, kijana mpole, akatuona tunavyohangaika, akaja kutusindikiza.

Huyo kijana ndiye aliyetupa historia. Alisema shule ya sanaa ya Makerere haikuanzia kwenye jengo lolote. Ilianza mwaka 1937 barazani kwa mama mmoja Mwingereza, Margaret Trowell, ambaye mume wake alikuwa daktari. Na namna yake ya kufundisha ilikuwa hivi: hakuwapa wanafunzi picha za Ulaya wazinakili. Aliwasimulia jambo wanalolijua, kwa mfano soko, au mvua inakuja, au watu wanatoka shamba, halafu akawaambia wafumbe macho waone, kisha wachore kile walichokiona kichwani. Mwaka 1939, miaka miwili tu baadaye, kazi za wanafunzi hao zikaonyeshwa London.

Mmoja wa wanafunzi wake wa kwanza alikuwa Gregory Maloba kutoka Kenya. Yeye ndiye aliyetengeneza mnara wa uhuru wa Uganda, ule wa mwaka 1962 ulioko katikati ya Kampala, wenye mama anayemwinua mtoto juu. Mwingine alikuwa Sam Ntiro, mtoto wa Machame, Kilimanjaro, aliyezaliwa 1923. Huyu Ntiro alikaa Makerere akiwa mwanafunzi na baadaye mwalimu, akasoma London, na Tanganyika ilipopata uhuru akawa balozi wake huko Uingereza. Mtu mkubwa, mwenye suti. Lakini mnajua alichora nini? Alichora kwao. Watu wanakata nyasi, watu wanajenga nyumba, migomba, mlima. Picha yake moja ya mwaka 1956 inaonyesha wanaume wanabeba pombe ya ndizi usiku kuipeleka kwa bibi harusi. Hiyo pombe sisi Wakongo wa Kivu tunaita kasiksi, Warundi wanaita urwarwa, na majirani zetu hapa Isingiro nao wana yao. Leo hiyo picha ni mali ya jumba kubwa la sanaa la New York, Marekani.

Nilimuuliza yule kijana, "Sasa alikuwa anachora akiwa kule Machame?" Akasema, "Hapana, mara nyingi alikuwa mbali. Alichora alichokumbuka."

Ndugu zangu, hapo nikakaa chini kwenye benchi. Wenzangu walidhani nimechoka na safari. Nilikuwa naona zile kurasa mbili chini ya meza, taa ya mtumbwi upande huu, mtu na wavu upande ule. Mtoto wangu wa P5 alikuwa akifanya kazi ileile. Hakuwa na baraza, wala mwalimu wa kumsimulia, alikuwa na kaye ya hesabu tu. Na mwalimu wake ndiye aliyeipasua.

Jumamosi asubuhi, kabla ya kurudi, tulipita pia kwenye jumba la makumbusho la Uganda pale Kitante. Lilianzishwa mwaka 1908, na miaka ya 1940 vitu vyake vilitunzwa Makerere, chini ya uangalizi wa yule yule mama Trowell, mpaka 1954 lilipopata jengo lake. Na jengo hilo lilichorwa na Mjerumani mmoja, Ernst May, ambaye alikuja Afrika Mashariki miaka ya 1930 kwa sababu hakuweza kurudi kwao chini ya utawala wa Hitler. Yaani nyumba inayotunza kumbukumbu za Uganda ilichorwa na mtu aliyekuwa mbali na kwao kama sisi.

Mle ndani kuna ala za muziki nyingi sana, zimepangwa kwa ukoo: ngoma na ngoma, filimbi na filimbi, za nyuzi na za nyuzi. Dada wetu wa Burundi akasimama mbele ya inanga. Hakusogea. Baadaye akasema, "Baba mkubwa alikuwa anapiga hii jioni. Nilifikiri ni yetu peke yetu." Akaanza kutueleza jina la kila sehemu ya ile inanga, nyuzi zake, namna baba mkubwa alivyokuwa anaimba kwa sauti ya chini kama mtu anayenong'ona. Miaka minne nimefundisha naye, sikuwahi kumsikia akisema habari za kwao. Njia nzima ya kurudi Mbarara aliendelea kusimulia.

Jumatatu jioni nilienda kwa yule mtoto. Mama yake alinikaribisha, akanipa kiti. Ukutani, juu ya kitanda, niliona zile kurasa mbili. Walikuwa wameunganisha vipande kwa uji wa unga, mahali pengine pamekunjamana, lakini mtumbwi unaonekana. Niliomba msamaha mbele ya mama, kisha kesho yake nikaomba tena mbele ya darasa, kwa kuwa nilimwaibisha mbele ya darasa. Watoto walishangaa. Hawajazoea kusikia mwalimu akisema "nilikosa."

Nisiwadanganye kwamba yote yakawa mazuri siku hiyo. Mtoto alisema "sawa, mwalimu," basi. Kwa wiki nyingi hakuchora kitu. Nilianza kuwasimulia watoto Ijumaa mchana kama yule mama wa Makerere: "Fumbeni macho. Ni jioni kwenu. Nani anapika? Mlango uko upande gani?" Wengine walichora kambi hii hii, maana wamezaliwa hapa, na hiyo pia ni kwao. Wengine walichora bunduki, nikawaacha wachore. Yeye alikaa tu akiangalia. Ijumaa ya tano akaomba kipande cha makaa, akachora kwenye katoni ziwa zima, na mitumbwi mingi na taa zake. Nilimuuliza kama ule mchoro wa nyumbani atauleta tuuweke pamoja na mingine. Akatikisa kichwa. "Ule ni wa nyumbani, mwalimu. Huu ndio wa shule." Nikaona amesema kweli.

Sasa wazazi, nina maombi matatu kwenu.

La kwanza, mtoto akichora, msikimbilie kumgombeza. Muulizeni, "Huyu ni nani? Hapa ni wapi?" Nyuma ya karatasi andikeni jina, mahali na mwaka. Asiyejua kuandika alete kwangu, nitaandika.

La pili, karatasi si lazima. Kuna makaa, kuna katoni za mafuta, kuna udongo mwekundu wa Nakivale ambao unatupaka nguo kila siku. Wazee wanaojua kusuka mikeka na vikapu, au kufinyanga, waje Ijumaa wawaonyeshe watoto. Kazi ya mikono yao nayo ni kumbukumbu.

La tatu, mkipata nafasi ya kwenda Mbarara kwa shughuli zenu, jueni kwamba pale Biharwe, kwenye barabara ya Masaka, kama kilomita 12 kutoka mjini, kuna Igongo, kituo cha utamaduni chenye makumbusho ya watu wa Ankole. Kuna vyombo vyao vya maziwa vya mbao, ebyanzi, ambavyo ndugu zetu Wanyarwanda watavitambua mara moja, maana kwao ni icyansi. Ulizeni kwanza bei ya kuingia. Tunafikiria kuwapeleka watoto, tukipata gari.

Mwisho wa muhula tutatundika michoro yote kwenye baraza la shule. Ni baraza la mabati na nguzo za miti, lakini Makerere nao walianzia barazani. Njooni muione. Na mtakaposimama mbele ya lile ziwa lenye taa nyingi, msiulize ni hesabu gani.

Ni mimi mwalimu wenu wa P5. Mungu awalinde.