Mgeni wa Litein

Jumatatu, 7 Oktoba 2024. Kericho

Nimefika saa tisa alasiri, na mvua imefika nami. Mwenyeji wangu alikuwa stendi na mwavuli mmoja wa watu wawili, akacheka kuniona nimevaa kandambili. Tulijuana Mombasa zamani, yeye karani wa malori yaliyoshusha chai Shimanzi, mimi godauni naipokea. Alistaafu akarudi kwao Litein, nami nikabaki Kisauni. Kila mwaka alinialika na kila mwaka nikapata udhuru. Chai imenilisha mimi na wanangu, na mti wake sikuwahi kuuona.

Kuanzia Mau Summit niligandisha uso kwenye kioo cha matatu. Baada ya Londiani vilima vikaanza kunyolewa, vyote kwa kimo kimoja, na katikati ya mashamba vijia vyembamba vya kupita mtu mmoja. Kwenye picha za kalenda vijia hivi havionekani, kwa kuwa mpiga picha hupanda juu atafute kijani.

Kondakta wa gari lililokuwa jirani alikuwa akiita, "Litein, Kapkatet, Sotik!" Nikageuka kama niliyeitwa mimi. Majina hayo nimeyasoma maisha yangu yote ya kazi: Kapkatet, Tegat, Momul, Litein, Mogogosiek, Kapkoros. Zamani yalipigwa chapa kwenye makasha ya mbao, kisha yakahamia kwenye mifuko ya karatasi, na chini yake gredi, namba ya shehena na uzito. Kwangu Mogogosiek ilikuwa mahali pa kupanga mifuko, upande wa kushoto ukiingia.

Jumanne, 8 Oktoba. Kericho

Leo mji. Mwenyeji aliuliza nataka kuona nini, nikamjibu anionyeshe anachowaonyesha wengine. Basi ikawa ziara ya kawaida, na sikujuta.

Gurdwara ya Masingasinga ni kubwa kuliko nilivyotarajia katika mji wa kimo hiki. Tulivua viatu, tukafunika vichwa, tukaketi chini tukala dengu na chapati. Hakuna aliyetuuliza dini wala kututaka senti. Hapa ndipo alipoishi Baba Puran Singh, aliyekuwa na karakana ya magari mjini humu, kisha miaka ya 1970 akahamia Birmingham, Uingereza, akaanzisha jumuiya ambayo leo ina wafuasi nchi nyingi. Alifariki 1983, na mpaka sasa wanamwita Kerichowale, yaani wa Kericho. Mji mdogo umempa mtu jina hadi Ulaya, na wapita njia wengi hawajui.

Kisha kanisa kuu la Wakatoliki, Moyo Mtakatifu, lililofunguliwa 2015. Paa lake la vigae linaanza chini mlangoni na kupanda taratibu mpaka madhabahuni, na ndani mbavu za zege zimepangwa kwa namna ya kukufanya utembee mbele hata kama hukukusudia. Wasanifu wake ni John McAslan na wenzake wa London. Hukaa waumini 1,500. Nilisimama nyuma, kofia mkononi, nikasikiliza mvua ikipiga vigae. Tea Hotel, iliyojengwa na kampuni ya chai ya Brooke Bond miaka ya 1950 kwa ajili ya mabwana wake, tuliipita tu. Mwenyeji hakutaka kushuka na sikumuuliza.

Jumatano, 9 Oktoba. Litein

Njiani tuliona mashine ya kuchuna: wanaume wawili wameishika pande mbili za safu, inanyoa majani na kuyapuliza mfukoni. Nyuma yao hakuna mwimbaji wala mzaha. Mei 2023 mashine kama hizo zilichomwa moto kwenye mashamba makubwa, na palikufa mtu. Mwenyeji alitikisa kichwa tu. Mwanawe wa pili aliwahi kuishi laini za kampuni, nyumba za wafanyakazi zilizopangwa safu kwa safu kwenye chai, kila laini na shule yake na duka lake. Sasa nyumba nyingine ziko wazi.

Nyumbani nimepokewa na mkewe, shemeji yangu, kwa chai ya maziwa iliyochemka mpaka ikawa na rangi ya udongo wa hapa. Ndipo mjukuu wao akaleta simu yake. Amesomea utalii, hajapata kazi, na ana mpango. Akanionyesha kijiji cha Bali, huko Indonesia, kiitwacho Penglipuran: njia moja ya mawe inapanda mlima, kila nyumba ina lango lililofanana na la jirani, magari yanaachwa nje, mgeni anakata tiketi, na kila ua unauza kitu. "Kugo," akaniambia, ndivyo wajukuu wanavyowaita babu zao hapa, "sisi tunakosa nini ambacho hawa wanacho?"

Anataka kujenga vibanda kumi vya nyasi kando ya shamba, wasichana waimbe, wageni wavishwe ngozi wapigwe picha. Shemeji alikuwa akisafisha kibuyu. Hakuinua macho. "Na watakapokuwa wanaimba," akauliza, "ng'ombe atakamwa na nani?"

Alhamisi, 10 Oktoba. Litein

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shemeji anaijua methali hiyo na leo ameitekeleza: alfajiri nimekuta kikapu na aproni ya plastiki mlangoni. Nilidhani ni mzaha. Ni sikukuu ya taifa leo, lakini chai haina habari. Mti ukishakomaa huchunwa kila wiki moja au mbili, vinginevyo jani linakuwa gumu.

Majani mawili na chipukizi. Godauni tuliyasema haya maneno kama shahada. Kuyafanya kwa mkono ni jambo jingine. Shemeji anaweka ufito juu ya meza ya chai, yaani uso bapa wa miti, yote yaliyochomoza juu yake ndiyo ya leo, na mikono yake miwili inakwenda bila yeye kuitazama, huku ananisimulia bei ya mbolea. Mimi nilitazama kila jani. Akachungulia kikapu changu akatoa vijiti na majani mazee, akavitupa chini bila kusema. Nikakumbuka malalamiko ya wanunuzi kwetu Mombasa: chai ya magharibi ya Bonde la Ufa haina mng'ao wa ile ya mashariki, na bei yake ni ya chini. Oktoba ndio mwezi wa bonasi, na wakulima wa huku wanapigia hesabu tofauti hiyo kwa hasira. Sababu ni nyingi, udongo, miti, usimamizi wa viwanda. Lakini nyingine iko hapa kwenye kikapu, na nimeitia mimi mwenyewe.

Saa tisa tukapeleka kituoni. Kama mtu angeniuliza mgeni aletwe wapi, ningesema pale. Paa la mabati, meza za waya, foleni ya kina mama na vijana wa boda boda wenye magunia. Kila mmoja anamwaga majani mezani, anayageuza na kuyachambua mbele ya wenzake, kwa hiyo uvivu haufichiki. Karani anapima, risiti inatoka. Hapo ndipo habari za kijiji zote zinapobadilishwa: nani kaoza, nani kauza ng'ombe, lori la kiwanda limekwama wapi. Lori likichelewa majani yanapata joto ndani ya gunia na yanaanza kuwa mekundu. Mvua ya mawe ilianguka kama dakika kumi, watu wote wakanyamaza wakatazama mashamba yao. Kericho inajulikana kwa mvua hii; hutoboa jani changa na hasara inaonekana wiki nzima.

Kikapu changu kilipimwa kikaingizwa kwenye hesabu ya shemeji. Sitaandika uzito.

Ijumaa, 11 Oktoba

Sala ya Ijumaa Kericho mjini, kisha kiwanda, kwa idhini iliyopatikana kwa simu nyingi. Jani likifika hulazwa kwenye mahandaki ya wavu na kupulizwa upepo usiku kucha hadi linyauke. Halafu linapita kati ya magurudumu yenye meno yanayolikata, kulichana na kulikunja, linatoka likiwa kijani kibichi. Unalitazama linasafiri kwenye mkanda, na kabla ya kufika mwisho limekuwa rangi ya shaba. Kikaushio kinalimaliza. Kilo nne na nusu hivi za majani hutoa kilo moja ya chai kavu. Kuni za mkaratusi zimerundikwa nje hadi juu ya paa.

Mwisho nikaona mifuko, jina tayari limeandikwa. Kijana wa kupakia akashangaa mzee wa Pwani anamwonyesha jinsi ya kupanga pembe za mfuko zisipasuke bandarini.

Jumamosi, 12 Oktoba

Leo nimefanya uchawi wangu. Mjukuu aliniuliza huko mnadani tunafanya nini hasa. Mnada wa Mombasa huuza chai ya Kenya, Uganda, Rwanda na nchi nyingine, kwa dola, na kabla ya kuuzwa kila shehena huonjwa. Nikapanga vikombe jikoni: gredi ya PF1, kisha vumbi la D1, na ile wanayonunua dukani. Kipimo kimoja, maji yaliyochemka, dakika sita, chuja. Bila sukari. Kisha unachota kwa kijiko, unaivuta kwa kelele ili isambae mdomoni, na unaitema.

Shemeji aliona mtu mzima anatema chai yake ndani ya ndoo. "Jamani," akasema, "hiyo nimeamka saa kumi na moja kuichuna." Na chai bila maziwa, kwake, ni ya mgonjwa. Lakini alikaa. Alivuta kijiko kimoja, cha pili, akarudia cha kwanza. Akasema hii ya kwanza inauma ulimi na ya tatu imelala. Ndivyo mwonjaji wa mnadani angesema. Miaka arobaini na zaidi anaichuna na hakuna aliyewahi kumwomba aionje.

Mjukuu alikuwa akiandika kwenye simu yake kwa kasi.

Jumapili, 13 Oktoba

Shemeji kanisani. Mimi na mwenyeji tulikaa barazani na mursik. Mkaa wa mti wa senetwet umesuguliwa ndani ya kibuyu, maziwa yaliyochemshwa na kupoa yakatiwa, yakafungwa siku kadhaa. Rangi ya majivu, ukali wa kwanza unakushtua, wa pili unaomba ugali. Kibuyu ni sotet, na kifimbo cha kukisafishia ni sosiot. Nimelazimishwa kuyarudia maneno haya hadi nikayapata.

Kisha nikamuuliza kwa nini hakutaka kushuka Tea Hotel. Akachukua muda. Vitabu vya wageni, alisema, huanza 1924, Brooke Bond ilipopanda chai Kericho. Kabla ya hapo serikali ya kikoloni iliwagawia maafisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani ekari 25,000 walime kitani. Mradi ukafa, ardhi ikaenda kwa kampuni za chai. Wenyewe walikuwa Wakipsigis. Viongozi wao wa ukoo wa Talai walikuwa wamehamishwa tangu 1914, na 1934 ikatungwa sheria mahsusi ya kuwaondoa, ukoo mzima ukapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, kwenye joto na malaria. Walirudi karibu na uhuru wakakuta chai imesimama. Mwaka 2022 walipeleka malalamiko yao Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mashamba ya Brooke Bond nayo yanabadilisha wamiliki: Unilever, kisha Ekaterra, kisha Lipton, na mwaka huu imetangazwa yanauzwa kwa Browns ya Sri Lanka.

"Mjukuu wangu aliandika hayo kwenye mpango wake?" akaniuliza. Hakuandika. Alikuwa mlangoni, anasikiliza.

Usiku akatuchezea kwenye simu sauti zilizonaswa 1950 na Hugh Tracey, wasichana wa Kipsigis wakimwimba Chemirocha. Walikuwa wamesikia santuri za Jimmie Rodgers wa Marekani, wakamfanya kiumbe nusu mtu nusu paa. Nakala zilirudishwa kwao huku 2015. Mwenyeji anaujua wimbo wote, na aliuimba vibaya sana.

Jumatatu, 14 Oktoba. Bomet

Maporomoko ya Tenwek, mto Nyangores. Hospitali ya misheni iko hapo juu, na maji haya huizalishia umeme. Mto huu unakutana na Amala kuwa Mara. Yaani maji ambayo nyumbu wanavuka mbele ya kamera za dunia nzima yamepita hapa kwanza, na magari ya watalii yanapita barabara ya Bomet vioo vimefungwa. Mjukuu alihesabu magari hayo tulipokuwa tukinywa chai. Nimemwacha ahesabu.

Jumatano, 16 Oktoba. Litein

Mpango mpya umesomwa mezani baada ya chakula. Vibanda vya nyasi vimefutwa. Mgeni atachuna asubuhi na shemeji au jirani, atafuata gunia hadi kituoni, ataonja chai jikoni, atasimuliwa barazani, na usiku atakula alichopikiwa kila mtu. Wageni wasizidi wanne. Nilitaka kumwambia wawe wawili, nikanyamaza. Ni wa kwake.

Shemeji ana masharti. Majani yatakayochunwa na wageni yaingie kwenye kitabu chake, na atayachambua yeye kwanza. Jumapili hapana. Na mgeni akitema chai, ndoo aioshe mwenyewe.

Nimeahidi kuwatumia kutoka Mombasa bakuli za kaure za kuonjea, zile zenye vifuniko, na vijiko viwili. Mjukuu ameshukuru, kisha akauliza ada ya kifurushi kwenye basi italipwa na nani.