Walinda Lango wa Zamani na wa Sasa

Hapa kwetu Saza, jua linapopungua ukali, sisi walimu watatu tuliostaafu hukaa chini ya mwembe ulio kando ya kiwanja cha shule, tukawatazama vijana wakicheza mpira. Katika wachezaji wote twamwangalia zaidi mlinda lango, ambaye vijana humwita golikipa. Maana mmoja wetu alilinda lango chuoni ujanani mwake, na sisi wawili ndio tuliokuwa tukimfunga.

Zamani zile walinda lango wakubwa tuliwajua kwa masikio tu. Redio zilikuwa chache, nasi twaliizunguka moja kama kuku wazungukavyo mtama. Mwaka 1979 Taifa Stars ilipopambana na Zambia, jambo lile lilitugusa sana, kwa kuwa mpaka uko Tunduma, na wengi wetu tuna ndugu ng'ambo. Sare ya bao moja kwa moja kule Ndola, bao letu likiwa la Peter Tino, ndiyo iliyotufikisha Lagos mwaka 1980 kushindania Kombe la Mataifa ya Afrika. Katika kikosi kile walikuwamo Athumani Mambosasa na Juma Pondamali, aliyepewa jina la Mensah. Hatukuwaona kwa macho, lakini kila mtoto aliyejitupa vumbini kuudaka mpira alijiita kwa moja la majina hayo.

Kazi ya mlinda lango siku zile ilikuwa ya mikono. Beki alipozidiwa alimrudishia mpira kwa mguu, naye akauokota na kuukumbatia, watu wakapumua. Lakini desturi hiyo iligeuka kuwa njia ya kupoteza wakati, na katika Kombe la Dunia la mwaka 1990 huko Italia watazamaji walichoka nayo. Basi mwaka 1992 sheria ikabadilishwa: mpira ambao mwenzake amemrudishia kwa mguu kwa makusudi, mlinda lango asiushike kwa mikono. Wala hilo halikuwa badiliko la kwanza. Kabla ya mwaka 1912 aliweza kuushika mpira popote katika nusu yake ya kiwanja. Na tangu mwaka 2025, akikaa nao mikononi zaidi ya sekunde nane, wapinzani hupewa kona.

Mikono bado ina heshima yake. Mwaka 2003 Juma Kaseja aliilindia Simba lango huko Cairo, Zamalek iliyokuwa bingwa wa Afrika ikatolewa kwa mikwaju ya penalti. Lakini leo miguu nayo yatakiwa. Tumemtazama katika televisheni Djigui Diarra wa Mali, aliyejiunga na Yanga mwaka 2021, akiupokea mpira kwa utulivu na kuanzisha mashambulizi kama mchezaji wa kiungo.

Siku moja kijana anayelinda lango la shule alirudishiwa mpira na beki wake. Sisi tulio chini ya mwembe tukapaza sauti, "Piga mbali!" Yeye akajaribu kumpasia mwenzake, mshambuliaji akaunyakua, likawa bao, na shule yetu ikashindwa. Tulimlaumu kwa maneno makali mbele ya watu. Mchezo ulipokwisha akavua glovu zake, akaja, akasema, "Shikamooni, walimu. Tafuteni mwingine." Akaziacha miguuni petu.

Tulikaa kimya. Ndipo mwenzetu, yule mlinda lango wa zamani, akatukumbusha mpira uliompita katikati ya miguu chuoni, na jinsi sisi wawili tulivyomwita "Mlango Wazi" mwaka mzima. Mipira aliyoidaka hatukukumbuka hata mmoja. Tukaona haya, kwa sababu lile jina tulilitunga sisi.

Asubuhi tulichukua glovu tukaenda kwao, tukamkuta akikata kuni. Tukamwambia, "Mwanetu, tumekukosea." Akainamisha kichwa, kisha akamwuliza mwenzetu, "Mwalimu, mpira ule wewe ungeufanya nini?"

Mwenzetu akafikiri sana, akajibu, "Ningeudaka."

"Hairuhusiwi, Mwalimu," akasema kijana, naye akacheka kwa mara ya kwanza. Nasi tukacheka, lakini jibu lile lilituingia. Tulikuwa tumemhukumu kwa sheria iliyoondolewa kabla yeye hajazaliwa.

Sasa kila jioni mwenzetu humpigia mipira taratibu, kijana akajifunza kuituliza kwa mguu na kuchagua wa kumpa. Bado hukosea, na mabao huingia. Sisi chini ya mwembe tumeagana jambo moja: tutamkumbusha mipira aliyoizuia kabla ya kuutaja uliompita. Si agano jepesi, maana ndimi zetu ni za zamani. Lakini glovu ziko mikononi mwake tena.