Maua ya laki mbili na nusu yalificha nini?

Kuna mdada mmoja wa hapa Dar, jina kapuni, wengi wenu mnamfuata Insta na picha zake mnazijua. Kwake kila kitu lazima kiwe kikali: nguo, kucha, mpaka glasi ya maji. Siku moja mchumba wake akamwambia wazazi wanashuka kutoka Moshi, wanataka kumfahamu kabla mambo ya posa hayajaanza. Mdada akasema hakuna kwenda hotelini, watakula kwake Jumamosi jioni.

Chakula alikipangia siku moja. Maua ya kuweka katikati ya meza aliyapangia wiki nzima.

Akamcheki WhatsApp kijana mmoja mpambaji, akamrushia picha aliyoitoa mtandaoni: vasi ndefu ya kioo, juu yake mawaridi meupe yamejaa kama mwavuli. "Nataka hivi hivi, usipunguze kitu."

Mpambaji hakukurupuka. Akauliza: "Dada, meza ina ukubwa gani? Chakula kinakaa hapo hapo au pembeni? Watu wangapi?"

Maana maua ya meza ya chakula yana mambo yake. Watu wanakaa wakitazamana, kwa hiyo yasizidi sentimita 30, yaani ile rula ya shuleni. Au weka kiwiko mezani, unyooshe mkono juu: maua yasipite kifundo cha mkono wako. Yasiwe na harufu kali ya kupigana na pilau. Na uagize mapema, kwa sababu mawaridi mengi yanatoka huko Arusha, yakifika lazima yakatwe miguu kimshazari na yanywe maji ya kutosha kabla ya kupangwa.

Yote hayo mdada aliyaruka. Alijibu swali moja tu: "Saba." Akatuma nusu ya laki mbili na nusu kwa simu, biashara ikaisha.

Sasa hiyo saba ndiyo ilikuwa na shida. Mdada ana mtoto wa kike wa miaka 4, anaishi Tanga kwa bibi yake. Mchumba anajua. Wakwe hawajui. Wafuasi ndio kabisaa. Wiki hiyo hiyo mama yake alipiga simu, anataka kuja na mjukuu. Akajibiwa, "Mama, wiki hii sio nzuri."

Jumamosi maua yakaja, kama picha vile vile. Mdada akapiga, akapandisha, watu wakamwaga makopakopa.

Wageni wakakaa. Mama mkwe upande ule, mdada upande huu, mwavuli wa mawaridi katikati. Mama akitaka kuuliza kitu anainama kushoto, mdada naye anainama kulia. Bakuli la mchuzi halina pa kukaa. Lakini kwa mdada ilikuwa afadhali, maana kila swali la nyumbani kwao alilijibu kwa yale maua, juu juu.

Mzee, ambaye hana maneno mengi, akamgeukia mwanawe. "Hebu toa hili dude. Nimesafiri siku nzima kuja kumwona huyu binti, namwona vipande vipande."

Vasi ikapelekwa jikoni. Meza ikabaki wazi. Mama mkwe akamtazama usoni, akasema taratibu, "Haya mwanangu, sasa tuambie habari zako."

Mjomba wa mdada akakohoa. Mdada akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mama, nina mtoto."

Shangazi mtu akaweka kijiko chini. Mama mkwe hakufoka. Aliuliza kitu kimoja tu: "Leo amekula nini?"

Mdada hakujua. Hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Wageni waliaga mapema. La posa halikuguswa.

Wiki tatu kimya. Mchumba mwenyewe hana jibu, anasema wazee bado wanaongea. Mawaridi yakasinyaa jikoni, yakatupwa. Halafu siku moja simu ikaita, ni mama mkwe: "Tunakuja tena mwisho wa mwezi. Mtoto awepo, na bibi yake awepo."

Mdada akamtafuta yule yule mpambaji. Safari hii hakutuma picha. Akapima meza kwa mkono wake, akaomba bakuli fupi lenye mawaridi machache, la elfu arobaini. Mpambaji akauliza tena kama kawaida yake: "Watu wangapi, dada?"

"Tisa. Mmoja ni mtoto, atakaa katikati ya bibi zake."

Picha ya meza hiyo haijapandishwa mpaka leo.

Haya wadau, uwanja wenu: angewaambia wakwe mapema kabla hata ya kuwaalika, au ilikuwa sawa kusubiri mpaka wakutane uso kwa uso?