Kambi Yetu ya Kwanza Serengeti

Sisi wakazi wa Bariadi tunaye jirani mkubwa ambaye wengi wetu hatujapata kumtembelea. Jirani huyo ni Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyotangazwa mwaka 1951, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 14,763. Watu hupanda ndege kutoka Ujerumani na Marekani kuja kuiona. Sisi tulio karibu tunaijua kwa habari za tembo waliovuka usiku na kula mtama, na kwa habari za ng'ombe waliokamatwa ndani ya mpaka. Watoto wetu huchora simba kwa kunakili picha za kwenye majalada ya daftari.

Basi mwaka jana, baada ya ibada ya akina mama, mmoja wetu akauliza kwa nini tusiwapeleke watoto, tena tukalala huko huko. Hoteli za hifadhini hatuziwezi. Lakini kule Seronera, katikati ya hifadhi, vipo viwanja vya umma vya kupigia kambi, na Mtanzania hulipa ada ndogo kuliko mgeni, tena kwa shilingi. Mtoto aliye chini ya miaka mitano haingizwi katika hesabu. Ada hubadilika, kwa hiyo mama msomaji usitegemee bei ya kuambiwa na jirani, uulize mwenyewe kabla ya kupanga.

Tulijiandikisha akina mama saba na watoto kumi na wanne, na waume wawili wakakubali kufuatana nasi. Mama mkwe wa mmoja wetu aliuliza kama tumechoka kulea hata tukawapelekee simba wajukuu wake. Na mama mmoja ambaye shamba lake liko upande wa mpakani alikataa kabisa. "Tembo nawajua," alisema. "Wamekula mtama wangu mara mbili. Niende kuwalipia tena?" Hatukuwa na jibu la kumpa, wala hatukumbembeleza.

Mwezi tuliuchagua Juni. Shule zinakuwa zimefungwa na mvua zimekatika, na hilo la mvua ni kubwa, maana njia ya upande wetu hupita kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule ule unaootesha pamba yetu. Ukilowa, gari hukaa hapo hapo. Isitoshe, majira hayo makundi ya nyumbu, ambao kwa jumla hupita milioni moja, huwa yamesogea upande wa magharibi kuelekea mto Grumeti. Fedha za pamba nazo huanza kuonekana kipindi hicho, lakini akina mama wenzetu mnajua fedha ya pamba ina wenyewe wengi kabla haijafika nyumbani. Kwa hiyo tuliweka akiba kidogo kidogo kwa mtunza hazina wetu tangu Januari.

Kosa letu la kwanza lilikuwa la saa. Tulitaka kuingia lango la Ndabaka asubuhi na mapema ili tufaidi siku nzima. Tulipouliza tukaelezwa kwamba kibali huhesabiwa saa 24 tangu kuingia. Ukiingia saa moja asubuhi, kesho yake saa moja uwe umetoka, na kutoka Seronera hadi Ndabaka ni safari ya saa kadhaa. Tukapanga upya, tuingie saa sita mchana. Tuliambiwa pia kwamba langoni hawapokei fedha mkononi, hivyo malipo tukayashughulikia mapema.

Jambo la pili ni mavazi. Tulikuwa tumeazimia kuvaa sare yetu ya umoja, ambayo ni ya buluu, tupige picha nzuri. Kumbe mbung'o, wale waenezao malale, huvutwa sana na rangi ya buluu na nyeusi! Sare zikabaki sandukuni, nasi tukavaa mikono mirefu ya rangi ya khaki na ya udongo, kila mtu na alichonacho. Picha zetu si nzuri.

Jambo la tatu ndilo lililotaka kuivunja safari. Juma moja kabla ya kuondoka tulifanya mazoezi ya kulala kwenye mahema, katika uwanja wa kanisa. Vigingi vilipungua na hema moja lilikuwa na zipu mbovu, na hayo yalirekebishika. Lakini usiku wa manane tulimkuta mtoto wa miaka sita amesimama peke yake chini ya mwembe, macho wazi, amelala. Mama yake alijua kwamba mwanawe hutembea usingizini, ila nyumbani mlango hufungwa kwa komeo. Hema halina komeo, na viwanja vya Seronera havina uzio. Fisi na simba hupita.

Tulikaa kimya muda mrefu. Mama yule alisema atabaki. Mtoto naye alikuwa amehesabu siku tangu Januari. Mwishowe tulikubaliana kwamba atalala katikati ya mama yake na baba mmojawapo aliye mjomba wake, na mjomba ndiye atakayelala mlangoni, zipu ikiwa imefungwa kwa utepe wa kanga. Tulinunua na ndoo yenye mfuniko kwa kila hema, ili asiwepo wa kutoka usiku kwa haja yoyote. Mama alikubali, ingawa hakuonekana kupumua vizuri hadi tuliporudi.

Chakula kilikuwa rahisi. Tulibeba matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa, pamoja na karanga, dagaa na unga. Tulibeba jiko la gesi kwa kuwa kuni haziokotwi hifadhini, na maji ya kunywa katika madumu. Vyote tulivitia vikapuni, maana mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.

Siku ya safari, gari likiwa limeshawashwa, mama wa mtama alitokea na begi. Hatukumwuliza kitu. Tukabanana.

Kutoka Bariadi hadi Lamadi ni lami, kilomita sabini na ushei, na Ndabaka iko mbele kidogo kwenye barabara ya Musoma. Baada ya lango watoto walipiga kelele kwa kila swala, kisha walipoona nyumbu wamejaa hadi upeo wa macho wakanyamaza wenyewe. Kwenye mto Grumeti tuliwaona mamba wamelala ukingoni kama magogo.

Seronera tulifika jua likielekea kuzama. Tulipika ndani ya jengo lenye nyavu za chuma, tukala humo, wala hatukuacha hata punje ya karanga kwenye mahema. Tuliomba, tukaingia kulala saa mbili. Fisi walianza saa nne. Simba alinguruma kwa mbali, na mngurumo ule hausikiki kwa masikio peke yake, hupita kwenye godoro. Watoto walilala fofofo, naye yule wa miaka sita hakujigeuza hata mara moja. Waliokesha ni mama zao.

Asubuhi tukiwa njiani kurudi, dereva alisimama. Tembo walikuwa wanavuka, na vitoto vyao vikibanwa katikati ya mama zao. Mama wa mtama aliwahesabu kwa kidole. "Kumi na mmoja," alisema. Tulingoja aongeze neno. Alipoona wa mwisho ameingia vichakani alisema, "Hapa wana adabu." Kisha akaomba matobolwa.

Tulipofika Bariadi hakupita kwake. Alishuka na begi lake, akaenda moja kwa moja shambani kuangalia mtama wake kabla giza halijaingia.