Kabla ya kumlipia mwanao ada ya utabibu, tazama alama ya Hesabu

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, nyumba nyingi zenye kijana aliyepata D za Fizikia, Kemia na Biolojia hufikia uamuzi ule ule: aende akasomee utabibu. Si uamuzi mbaya. Stashahada ni miaka mitatu, na anayemaliza anaweza kumpokea mgonjwa, kumpima na kumwandikia dawa. Katika zahanati nyingi za vijijini tabibu ndiye mkubwa wa wote, na kijiji kizima humwita daktari bila kumuuliza cheti.

Mwongozo wa udahili unataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwamo Kemia, Biolojia na Fizikia. Hesabu na Kiingereza yametajwa kuwa sifa ya ziada tu. Wazazi wengi wakifika hapo hufunga simu na kuanza kutafuta ada.

Ndivyo alivyofanya mama mmoja muuza vitenge wa Morogoro. Kijana wake alikuwa na F ya Hesabu, chuo kikampokea. Mama akakopa kwenye kikoba, mwaka wa pili akauza cherehani. Kijana naye hakumwangusha. Alimaliza na GPA ya 3.6, akasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, akaanza kuomba kazi.

Ajira za Serikali hutangazwa kwa vipindi, na waombaji huwa wengi kuliko nafasi. Alijitolea kituo cha afya kwa nauli tu, kisha akapata zamu za usiku katika zahanati ya mtu binafsi. Huko ndiko alikotamani kuendelea na masomo.

Zamani tabibu aliyekwisha kufanya kazi alirudi chuoni miaka miwili akawa daktari msaidizi, na wengi wa waliofanya upasuaji wa uzazi wilayani walikuwa hao. Njia hiyo ilishafungwa. Leo anayetaka kupanda huenda chuo kikuu kusomea shahada ya udaktari: miaka mitano darasani na wodini, na mmoja wa utarajali. Mwenye stashahada ya utabibu anakubaliwa akiwa na GPA isiyopungua 3.0. Lakini anatakiwa pia awe na angalau D za kidato cha nne katika Fizikia, Kemia, Biolojia, Kiingereza na Hesabu.

"Mama, nimekwama kwenye Hesabu."

"Hesabu ipi tena, baba, na chuo umeshamaliza?"

Alikuwa na haki ya kushangaa. Kile kilichokuwa sifa ya ziada mlangoni mwa stashahada kimegeuka sharti mlangoni mwa shahada, na mawakala wanaozunguka na vipeperushi vya vyuo matokeo yakitoka hawana sababu ya kumwambia mzazi habari hiyo.

Mzazi mwenye kijana wa namna hii asimzuie kwenda chuo. Amsajili tu kurudia somo hilo moja kama mtahiniwa wa kujitegemea wa Baraza la Mitihani, mapema, akili ikiwa bado na moto wa shule. D inaanzia alama 30. Kwa kijana wa miaka 18 aliyefundishwa miezi michache na mwalimu mzuri hiyo si mlima, ila kwa mtu wa miaka 25 anayelala mchana ni habari nyingine.

Na ukiwa kwenye mwongozo, hakikisha chuo na kozi yenyewe vimo kwenye orodha ya NACTVET, si chuo peke yake. Chuo kikuu kitamdai mwanao namba ya uhakiki wa stashahada yake, na namba hiyo hutolewa na NACTVET. Vyuo vya Serikali kama Kilosa, Mafinga, Lindi na Maswa havina utata huo, ingawa kupata nafasi huko kuna foleni yake.

Kijana wa Morogoro amejisajili kwa mtihani wa Novemba. Akitoka zamu hulala hadi saa saba, kisha hukaa na mdogo wake wa kidato cha tatu kufanya logarithi. Mdogo mtu amekataa kufundisha bure; anataka soda kila Jumamosi.